Sheria ya masta ya Marekani tumeisoma nusu

Kuna ujumbe umekuwa ukizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa lishe, unapotea mwezi huu unarudi mwezi ujao, unasema kuanzia tarehe 1 Januari 2024 Marekani haimtambui mtaalamu wa lishe asiye na masta, kwa hivyo digrii ya lishe imekufa na mwenye akili aanze kutafuta masta sasa hivi kabla mlango haujafungwa. Mpwa wangu aliye mwaka wa pili alinitumia saa nne usiku na swali moja chini yake: "Mjomba, tumekwisha?" Nikamrekodia sauti ya dakika sita ambayo najua hakuisikiza hata nusu, ndio maana naandika. Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda aondoke nao: sheria ni ya kweli, ila tumeisoma nusu. Kilichobadilika ni karatasi unayotakiwa uwe nayo kabla ya kukalia mtihani wao wa usajili. Masaa ya kusimamiwa kando ya kitanda cha mgonjwa yako palepale, na hayo masaa ndiyo sisi tumepungukiwa nayo. Anayekimbilia masta ya utafiti akidhani anaisogelea Marekani hasogei popote, na linaloniuma zaidi ni kwamba hamsogelei hata mgonjwa aliye hapa hapa Pwani.

Tuanze na hawa Wamarekani wenyewe maana hadithi yao ina mafunzo. Chama chao cha watu wa lishe kilianzishwa Cleveland, Ohio, mwaka 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na walioanzisha walikuwa wanawake waliokuwa wanahangaika na jinsi ya kulisha watu vizuri wakati chakula kinabanwa. Usajili rasmi, ile RD inayoandikwa baada ya jina, ulikuja mwaka 1969. Miaka yote hiyo mpaka juzi digrii ya kwanza ilitosha, mradi umesoma programu iliyoidhinishwa, umemaliza mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, na umepita mtihani. Halafu mwaka 2013 tume yao ya usajili, CDR, ikaamua kwamba kuanzia 2024 atakayekalia mtihani awe na shahada ya juu ya digrii ya kwanza. Waliwapa watu zaidi ya miaka kumi ya kujiandaa, na aliyekuwa amesajiliwa kabla ya hapo hakuguswa, anaendelea na kazi yake na digrii yake moja kama kawaida. Kwa hivyo hata lile neno "imekufa" ni la kutia chumvi, kuna maelfu ya watu wenye digrii moja wanatibu wagonjwa kule leo hii kihalali kabisa.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Ukiangalia mfumo wao wa zamani, kilichokuwa kinakwamisha vijana siku zote ni intanshipu, digrii walikuwa nayo. Mtu alikuwa anamaliza miaka minne ya kemia ya chakula, fiziolojia, lishe tiba, halafu anaomba nafasi ya intanshipu kwa mfumo wa kompyuta unaolinganisha waombaji na vituo, na kwa miaka mingi takriban nusu ya waombaji walikuwa wanakosa. Nusu! Una digrii yako safi, una alama nzuri, umekaa nyumbani kwa mamako unasubiri raundi ijayo. Na hiyo intanshipu kwa kawaida hailipwi, mara nyingi ni wewe unayelipa karo ili ufanye kazi. Kwa hivyo wengi walikuwa wanasoma masta hata kabla ya sheria, kwa sababu programu kadhaa za intanshipu zilikuwa zimeunganishwa na masta na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupata masaa. Mfumo mpya wanaousukuma sasa unayaweka masaa ndani ya masta yenyewe, ukikubaliwa darasani umekubaliwa na wodini. Ukilijua hilo unaona kwamba ile masta kwa sehemu kubwa ni gunia, mzigo wenyewe uliomo ndani ni masaa yasiyopungua 1,000 ya vitendo, na sisi huku tumelipenda gunia.

Na kama unadhani nazidisha, tazama kanuni yenyewe inavyosema kuhusu hiyo shahada ya juu: inaweza kuwa ya fani yoyote. Si lazima iwe ya lishe. Mtu mwenye masta ya biashara, au ya elimu, au ya historia ya sanaa, akiwa amemaliza masomo ya lishe yanayotakiwa na masaa yake, anaruhusiwa kukalia mtihani. Ila hakuna masta ya aina yoyote, hata iwe ya lishe na imetoka chuo kikubwa namna gani, inayoweza kufuta masaa. Nimewahi kumwambia hivi kijana mmoja aliyekuwa anamalizia tasnifu kuhusu maarifa na mitazamo ya kina mama juu ya unyonyeshaji, akaniangalia kama nimemtukana, kumbe nilikuwa nataka tu ajue kwamba kazi yake ni nzuri kwa kata aliyoifanyia utafiti ila kwa ile safari aliyokuwa anaipanga haikumsogeza.

Njoo sasa nyumbani. Kenya tuna sheria ya wataalamu wa lishe tangu mwaka 2007, na ndiyo iliyozaa taasisi tunayoiita KNDI, inayosajili na kutoa leseni, bila hiyo leseni huruhusiwi kujiita mtu wa fani hii ukafungua kliniki. (Sheria yetu inaandika "dieticians" kwa c, Wamarekani wanaandika kwa t, na nimeshuhudia watu wazima wakibishana nusu saa juu ya hiyo herufi huku mgonjwa anasubiri kwenye benchi.) Kozi zipo, Kenyatta ipo, JKUAT ipo, Egerton ipo, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inatoa watu wa diploma ambao kusema ukweli ndio wanaobeba kliniki nyingi za kaunti. Kwenye karatasi hatuko vibaya. Ila fungua ratiba ya digrii ya miaka minne uhesabu wiki za atachimenti hospitalini, uzidishe kwa masaa arobaini, halafu utoe siku ambazo mwanafunzi alitumwa kupanga faili, kupima urefu na uzito wa foleni nzima ya kliniki ya watoto peke yake kwa sababu msimamizi ana wagonjwa sitini, na kupiga chapa ripoti ya mwisho wa mwezi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya watu wa lishe tiba, ICDA, limeweka kiwango cha chini kabisa cha dunia kuwa digrii ya kwanza pamoja na masaa 500 ya vitendo chini ya usimamizi. Digrii ya kwanza, sio masta. Na masaa 500 ni kama wiki kumi na mbili na nusu za kufanya kazi kamili. Hicho ndicho kipimo ambacho mwanafunzi wetu angekuwa anajipima nacho kila muhula, kabla hajaanza kuota 1,000 za Marekani ambazo ni wiki ishirini na tano.

Kwa nini nang'ang'ania masaa kiasi hiki? Niliwahi kukaa na mzee mmoja kwenye chumba cha dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zimechoka, enzi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa bado mbichi, nikiwa na karatasi ya maelekezo ya potasiamu, madini yanayopanda kwenye damu figo zikisimama, iliyochapwa kutoka kwenye intaneti. Ilisema aepuke juisi ya machungwa, juisi ya nyanya, na viazi vya kuoka na ganda lake. Nikamsomea kama khatibu. Mzee akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akasema, "Mwanangu, mimi hivyo vyote sinywi wala sili. Asubuhi nala mbaazi za nazi na mahamri mawili. Usiku wali na mchuzi wa samaki na mchicha. Sasa nikuulize wewe, nifanyeje?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa na alama A kwenye somo la magonjwa ya figo. Aliyenipa jibu ni nyutrishonisti mkubwa aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akavuta kiti, akaanza kumuuliza mzee nani anapika nyumbani, sufuria ni kubwa kiasi gani, mbaazi zinalowekwa au la, tui ni zito au jepesi. Wakakubaliana: mbaazi zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zichemshwe kwenye maji mengi yamwagwe tena ndio ziungwe, kwa maana kuloweka peke yake hakutoshi, tui litumike lile jepesi na kidogo, kikombe kidogo cha mbaazi na sio bakuli, na si kila siku. Mchicha nao uchemshwe umwagwe maji kabla ya kukaangwa. Halafu akamgeukia mkewe mzee akamwambia, "Mama, wewe ndiye daktari wake wa jikoni." Dakika ishirini na tano zilipita hapo. Hayo mazungumzo hayamo kwenye kitabu chochote nilichopewa, na yalinifunza zaidi ya muhula mzima.

Haya, tuwape haki yao wanaotetea masta, kwa sababu hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema magonjwa yamekuwa magumu, mgonjwa wa leo ana kisukari na presha na figo inayochoka na dawa saba mezani, na anayemshauri kuhusu chakula lazima awe anajua dawa zinavyogongana na chakula na aweze kusoma utafiti mpya bila kushikwa mkono. Wanasema pia kwamba Marekani fani nyingine za afya zilishapanda ngazi, mfamasia na mtu wa fiziotherapia wote wanatoka chuoni na udaktari wa fani yao, na mtu wa lishe akibaki na digrii ya kwanza basi kwenye mkutano wa wodi sauti yake itakuwa ya mwisho kusikika na mshahara wake vivyo hivyo. Hiyo ya kwanza naikubali kabisa. Mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mfano, ukimkataza sukuma wiki kabisa umemharibia, anachotakiwa ni kula kiasi kisichopanda na kushuka ovyo ili dozi yake ikae sawa, na hilo linataka mtu anayeelewa vitamini K ya hiyo mboga inafanya nini na hiyo dawa. Hiyo ya pili ya heshima naikubali nusu. Nimewaona watu wenye masta mbili wakisimama raundi ya asubuhi bila kuulizwa chochote, na nimemuona dada wa diploma ambaye daktari bingwa hapitishi mpango wa kumlisha mgonjwa kwa mpira, ule mrija wa chakula, kabla ya kumtafuta, kwa sababu mara tatu mfululizo alikuwa sahihi na wao walikuwa wamekosea. Wodini heshima inakuja taratibu, kwa kazi.

Na kuna upande unaopinga, ambao nao una hoja nzito na hoja nyepesi. Nzito ni ya pesa: kuongeza miaka miwili ya karo kwenye fani ambayo mshahara wake haujawahi kuwa wa kujivunia ni kuwafungia nje watoto wa maskini, na Wamarekani wenyewe wamelalamika kwa hili, maana fani yao tangu zamani imejaa wanawake weupe na walikuwa wanasema wanataka ifanane zaidi na wagonjwa wanaowahudumia. Ukitaka fani ifanane na watu halafu ukapandisha kiingilio, umeshajijibu. Hoja hii sina cha kuipinga, na kwetu inauma mara mbili kwa sababu mwenye uwezo wa kulipia masta hapa ni mwenye kazi tayari au mwenye mzazi wa kumbeba.

Nyepesi ni ile inayopendwa sana kwenye komenti, kwamba hii fani yote ni ya kuwalia watu pesa, bibi zetu walikula muhogo na samaki wakafika miaka tisini bila digrii ya mtu, na siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Bibi alikuwa mjuzi, nakubali, ila bibi hakuwa akilisha mtu anayefanyiwa dayalisisi mara mbili kwa wiki. Nichukue mfano wa chumvi. Tafuta kwenye simu yako chakula cha mgonjwa wa presha, utaambiwa ununue chumvi yenye sodiamu kidogo, na ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye figo zake ni nzima. Kilichomo ndani ya hiyo chumvi badala ya sodiamu ni potasiamu. Mpe mtu ambaye figo zimesimama, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama bila kukupigia hodi. Mjukuu aliyeinunua supamaketi kwa mapenzi yake yote, kwa bei ya juu kuliko chumvi ya kawaida, amemletea babu sumu kwenye kikopo kizuri. Au chukua mtoto wa utapiamlo mkali aliyevimba miguu, kila jirani anayeingia anasema mpeni mayai, mpeni nyama, mtoto hana nguvu. Siku za mwanzo hapewi. Anapewa maziwa maalumu ya F-75, kalori 75 kwa mililita 100, yenye protini kidogo, kwa vipimo vidogo kila baada ya masaa mawili au matatu usiku na mchana, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukishtuliwa na chakula kingi madini kama fosfeti yanaporomoka kwenye damu na mtoto anakufa akiwa ameshiba. Hapo ndipo simu inapokwisha kazi. Anayesema fani hii haihitaji shule hajawahi kukaa zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto.

Lakini ona, mifano yote hiyo miwili haihitaji masta. Inahitaji mtu aliyesoma vizuri digrii au diploma halafu akaiona kwa macho, mara nyingi, mbele ya mtu anayemsahihisha. Na ndio maana nasema Marekani sio kioo pekee cha kujitazama. Uingereza cheo cha dietitian kinalindwa na sheria, ukijiita hivyo bila kuwa kwenye rejista ya HCPC umevunja sheria, na mpaka leo digrii ya kwanza iliyoidhinishwa inakuingiza kwenye hiyo rejista, wakati neno nutritionist pale mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni kwake. Afrika Kusini wana mfano ninaoupenda zaidi ya yote: unasoma digrii ya miaka minne, halafu unatumwa mwaka mmoja wa huduma ya jamii kwenye hospitali ya serikali, mara nyingi mbali na miji mikubwa, na unalipwa mshahara. Tangu mwaka 2003 watu wa lishe nao wamo kwenye huo utaratibu pamoja na fani nyingine za afya. Mwaka mzima kazini, masaa yake ni zaidi ya yale ya Marekani, na aliyelipa ni serikali. Sisi tumeruka juu ya mfano ulio kwenye bara letu, wenye wagonjwa wanaofanana na wetu na bajeti inayobanwa kama yetu, tukaenda kung'ang'ania mfano wa nchi ambayo mwanafunzi analipa ili afanye kazi.

Najua nitaambiwa pesa iko wapi. Swali la haki. Mwaka 2024 tuliona madaktari wakigoma siku 56, na kubwa lililokuwa mezani lilikuwa ni hao hao wa intanshipu, watumwe lini na walipwe ngapi. Katika kelele zote zile mtu wa lishe hakutajwa, sio kwa ubaya, ila kwa sababu hakuna aliyewahi kulihesabu soko lake. Na hapa Wamarekani wana jambo moja ambalo naona ndilo tulipaswa kunakili kabla ya masta. Bima yao ya wazee, Medicare, tangu mwaka 2002 inalipia ushauri wa lishe tiba kwa mgonjwa wa kisukari na wa figo ambaye hajafika dayalisisi, masaa matatu mwaka wa kwanza na mawili kila mwaka unaofuata. Na kituo cha dayalisisi kule kanuni za serikali kuu zinakilazimisha kiwe na mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa kwenye timu, mwenye uzoefu wa angalau mwaka mmoja. Yaani kazi ipo kwa sababu kuna anayelipa na kuna kanuni inayosema bila huyu mtu hufungui mlango. Sisi huku SHA, bima yetu mpya ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 na inalipia vikao vya dayalisisi, mashine inafanya kazi, na mgonjwa anarudi nyumbani kwenye bakuli lile lile la mbaazi. Ningependa kuona ushauri wa lishe tiba una mstari wake wenyewe kwenye malipo, na kituo cha dayalisisi hakipewi mkataba mpaka kioneshe jina na leseni ya mtu wa lishe anayekaa pale. Siku hiyo hospitali zenyewe zitaanza kutafuta wanafunzi wa kuwafundisha, kwa sababu watakuwa wanajifundishia wafanyakazi wao wa kesho.

Kuna jambo lazima niliseme ili nisionekane nadharau utafiti. Elimu ya lishe Kenya ilikua ikiwa na macho kwa mtoto aliyedumaa na mama mjamzito, na kazi imeonekana: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Wale waliofanya tasnifu zao kuhusu vyakula vya nyongeza vya watoto wana mkono wao kwenye hiyo namba, kwa hivyo masta ya lishe ya jamii ina kazi yake na mwenye wito huo aende. Tatizo ni kuifanya iwe tiketi ya jambo jingine. Kisukari na presha na figo vimeingia kwenye nyumba zile zile ambazo jana zilikuwa na mtoto aliyedumaa, wakati mwingine chini ya paa moja bibi ana kisukari na mjukuu ana utapiamlo, na mtu anayetakiwa pale lazima aweze kuongea na wote wawili na mwenye kupika. Chuo kinachoongeza programu ya masta kila mwaka bila kuongeza hata msimamizi mmoja wa wodini kinazalisha watu wa kuandika kuhusu hiyo nyumba, na wa kuingia ndani hapatikani.

Kwa anayetaka kwenda Marekani kweli, sitamzuia, riziki ni popote. Ila ajue anachokwenda kukinunua. Vyeti vyake vitapimwa upya kule, kisha atahitaji programu iliyoidhinishwa na chombo chao cha ithibati, ACEND, yenye hayo masaa ndani, na akipata ile inayounganisha masta na masaa basi anaua ndege wawili kwa jiwe moja. Masta aliyoifanya hapa inaweza kumsaidia kwenye ile kanuni ya shahada ya juu, halafu akajikuta amesimama pale pale walipokuwa wamesimama wale wa zamani, karatasi mkononi na masaa hana. Na kwa anayebaki, ushauri wangu ni wa kishamba kidogo: kabla hujajaza fomu ya masta, tafuta mwaka mmoja wa wodi. Hata kama malipo ni ya kuaibisha. Kaa na watu wa dayalisisi, kaa na watu wa majeraha ya moto, kaa ICU ujifunze kuhesabu chakula cha mpira kwa mgonjwa asiyeweza kukwambia ameshiba. Kisha masta utakayochagua utaichagua ukijua unaitafutia nini.

Mpwa wangu hatimaye nilimpa kazi moja tu. Nilimwambia aende kwa mkuu wa idara yake amuulize maswali matatu: kwa miaka minne yote nitakaa wodini masaa mangapi, nani atanisimamia huko, na nani anatia sahihi kwamba naweza. Akaniandikia jioni yake. Wiki nane, Mjomba, na barua ya hospitali nitatafuta mwenyewe. Hilo la nani anatia sahihi alisema mkuu wa idara aliliandika kwenye daftari lake, akamwambia arudi Jumatatu.